Jinsi ya kutoa pini na bolti zilizokamata kutu kwenye sasipensheni ya Datsun 240Z, kwa vifaa vya gereji ya mtaani Kigoma

Wakuu, ukifungua miguu ya nyuma ya 240Z kuna kitu kimoja kitakusumbua kuliko vyote, ile pini ndefu ya chini inayounganisha amu (mkono wa chini wa gurudumu) na strati (mguu unaobeba springi na shokapu). Bolti zingine zote ukizisumbua kidogo zinatoka, hiyo pini sasa, inaweza ikakufanya uichukie gari mpaka ukaamua kuiuza kwa bei ya vyuma chakavu. Ndo maana nimeamua kuandika hii kitu kirefu, na mengi humu yanafaa hata kwa Peugeot 504 au Land Rover ya zamani au chochote chenye bushi (kile kibomba cha chuma kilichozungushiwa mpira) na kutu.

Gari yenyewe ni ya kati ya 1969 na 1973, kwaiyo chuma unachopambana nacho kina zaidi ya miaka hamsini. Wazee wa Ujiji wakiiona tu wanaanza stori za Safari Rally, Edgar Herrmann kashinda nayo 1971, Shekhar Mehta yule mzaliwa wa Uganda kashinda nayo 1973, na wana haki, ila zile gari za mashindano zilikuwa zinafunguliwa na kupakwa grisi kila mara, ya kwako imelala bandani na kuku wanataga kwenye siti.

Watu wengi wanadhani kutu ya huku inaletwa na ziwa. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hewa yake haili chuma kama hewa ya bahari. Uliza gari imeishi wapi kabla. Kama ilikaa Dar au Tanga miaka mingi alafu ndo ikapandishwa treni kuja huku, jiandae. Na kama kuna mtu aliwahi kuipakilia magunia ya chumvi ya Uvinza, hata kwa safari chache, jiandae zaidi, mana chumvi ikishaingia kwenye maungio ya chini inanyonya unyevu kila masika na kazi inaendelea hata gari ikiwa imesimama.

Sasa jambo la kwanza kabisa kabla hujashika spana ni kujua kimekamata wapi. Hapa ndo kazi inapoharibikia, mtu anaona bolti haitoki anaanza kupiga nyundo na kuchoma moto bila kujua anapigana na nani. Kuna sehemu tatu tu. Kama nati haizunguki kabisa, kutu iko kwenye meno. Kama nati imetoka, bolti inazunguka kidogo alafu ukiiachia inarudi yenyewe kama imefungwa springi, hapo meno hayana shida, bolti imeshikana na kile kibomba cha chuma cha ndani ya bushi na unachosikia kinarudi ni mpira unaojikunja. Na kama nati imetoka alafu bolti haichezi hata kidogo, haizunguki wala hairudi, hapo imekamata kwenye chuma chenyewe cha kumimina, na hiyo ndo hali ya ile pini ya nyuma. Kila moja ina dawa yake na dawa ya moja haifanyi kazi kwa nyingine. Kuchoma moto nati wakati bolti imeshikana na bushi ni kupoteza gesi ya watu.

Kujiandaa

Gari ikae kwenye stendi mbili za chuma, magurudumu mengine yawekewe mawe au magogo. Usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, na stendi usiziweke juu ya udongo mtupu, udongo wetu huu mwekundu ukilowa mguu wa stendi unazama, weka kipande cha bati nene au ubao mgumu chini yake. Utakuwa unavuta spana kwa uzito wako wote na kupiga nyundo nzito, gari itatikisika kweli kweli.

Vifaa: soketi za pembe sita, sio zile za pembe kumi na mbili, mana za pembe kumi na mbili zinashika kwenye kona tu na kona za nati yenye kutu zishaliwa. Datsun ni gari ya milimita, utakutana na 10, 12, 14, 17, 19. Ukiona mtu anakuja na spana namba 13 kwenye gari ya Kijapani ya umri huu mwambie aiweke chini kwanza, itaingia kwenye 12 na itaonekana kama inashika, kumbe inakula kona. Kinyume chake ukiwa na gari ya Kiingereza kama MG, ile nati ya nusu inchi ni milimita 12.7 na fundi atakuambia 13 inatosha, haitoshi. Uwe na mkono mrefu wa soketi, kipande cha paipu cha kuongezea urefu, brashi ya waya, nyundo mbili nzito, tindo kali, msumeno wa chuma na nyembe za akiba, na grenda kama umeme upo.

Kabla ya mafuta yoyote piga brashi meno yote yaliyo nje ya nati. Watu wanaruka hii hatua alafu nati ikishaanza kutoka inapanda kwenye meno machafu, inakamata katikati na inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Alafu mafuta. Zile za kopo za kupuliza zinapatikana mjini ila nyingi ni nyepesi na zinakauka haraka, zinafaa zaidi kufukuza maji. Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ni mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Vinajitenga vikitulia kwaiyo tikisa kila unapotumia, na weka kwenye chupa ya kioo au kopo la bati, asetoni inayeyusha baadhi ya plastiki. Asetoni tafuta kwa wauza rangi, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi ina maji na manukato. Ukikosa kabisa, mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi sio mbaya. Kuna watu huku wanapaka mawese wakidhani mafuta ni mafuta, mawese yakipoa yanaganda, hayapenyi popote, kaangie samaki.

Mafuta yanapenya kwa kunyonywa kwenye nafasi ndogo, yanahitaji muda na yanahitaji kutikiswa. Weka jioni, gonga kichwa cha bolti mapigo mengi madogo, sio pigo moja la hasira, alafu acha mpaka asubuhi na rudia tena. Kwa pini ya nyuma fanya hivi kwa siku kadhaa kabla hata hujafikiria kuifungua, unapita unaweka unagonga unaendelea na kazi nyingine. Mteja akikuharakisha mwambie aende zake Kibirizi akanunue dagaa.

Nati zisizozunguka

Anza kwa kukaza kidogo. Ndio, kukaza. Ukisikia imecheza hata nukta moja umeshavunja kutu, sasa rudisha, ikigoma kaza tena, weka mafuta, rudisha, unaenda mbele na nyuma hivyo hivyo kidogo kidogo. Ukilazimisha upande mmoja tu ile unga ya kutu inajikusanya mbele ya meno na bolti inakatika. Vuta kwa mkono mrefu polepole huku umenyoosha soketi, ukivuta kwa pembeni soketi inaruka na ngumi yako ndo inaenda kupiga chasisi.

Ikigoma kabisa, moto. Unachochoma ni nati, sio bolti, unataka nati itanuke iache meno. Gesi ya kuchomelea ndo nzuri, mwite fundi wa welding aje na mtungi wake, kale kamoto ka jiko la gesi ya nyumbani hakatoshi. Ipashe mpaka iwe nyekundu ya giza, jaribu kuizungusha ikiwa bado ya moto, ikigoma iache ipoe na urudie, ule mchezo wa kutanuka na kusinyaa wenyewe unapasua kutu.

Na hapa Kigoma na jirani zetu wa Tabora tuna kitu ambacho wengine wananunua kwa bei, nta ya nyuki. Chukua kipande cha nta safi, pasha nati bila kufikia wekundu, iwe na moto wa kuyeyusha nta na kutoa kamoshi kidogo, gusisha nta pale meno yanapoingia kwenye nati. Utaiona inanywewa ndani. Inapita mahali mafuta ya kawaida yangeungua yakaisha, na ikiwa ndani inalainisha wakati unazungusha. Sijui kwanini mafundi wengi wameiacha, warina asali wanaiuza kila siku.

Kabla ya moto angalia nini kiko jirani. Bomba la breki, tanki la mafuta na mpira wake, waya, na muhimu shokapu yenyewe, shokapu iliyofungwa ikichemka inaweza kupasuka. Springi usiichome hata kwa bahati mbaya, inapoteza ugumu wake na siku moja inakaa chini au inakatika. Kama umepuliza dawa ya kusafishia breki subiri ikauke kabisa na upepo upite, zile zenye klorini zikikutana na moto au welding zinatoa gesi ya sumu inayoua, hiyo sio ya kutania. Ndoo ya mchanga iwe karibu, mana mafuta uliyopaka jana nayo yanawaka. Na bolti yoyote uliyoichoma mpaka ikawa nyekundu haina kazi tena, itupe.

Kama kona za nati zimeshaliwa na huna moto, iweke tindo kwenye ubavu mmoja na uipasue, au kata kwa grenda ukisimama kabla ya kugusa meno. Nati ni rahisi kuliko muda wako.

Bolti iliyoshikana na bushi

Hii utaikuta zaidi kwenye amu za mbele, upande wa ndani. Nati imetoka, unapiga bolti inaruka tu na kurudi mana mpira unakula pigo lote. Jaribu kwanza kuizungusha kwa soketi huku mtu mwingine anaipiga kwa nyuma kupitia kipande cha shaba au aluminiamu, nati ikiwa imerudishwa juu ya meno ili usiyaharibu. Ikianza kuzunguka huru bila kurudi, umeshinda, inazunguka ndani ya kibomba.

Ikikataa usipoteze siku nzima. Bushi ya miaka hamsini unaibadilisha tu, kwaiyo hakuna cha kuokoa pale. Ingiza unyembe wa msumeno kati ya bushi na sikio la chasisi, kata upande mmoja, kata na mwingine, amu inashuka na bushi yake na kipande cha bolti ndani. Ukitumia grenda kuwa mwangalifu, yale masikio ya chasisi ndo kitu pekee ambacho hakina spea. Mabaki ya bushi yatoe ukiwa mezani, toboa mpira kwa drili mpaka uachie, alafu lile ganda la nje likate kwa unyembe kwa urefu wake na ulikunje ndani. Kuna wanaochoma mpira kwa moto, inawezekana, ila moshi wake mbaya na majirani watakutukana.

Sasa ile pini

Kaa vizuri. Pini inapita kwenye tundu refu chini ya chuma cha kumimina kinachobeba habu (kitovu kinachofungwa gurudumu), na kila upande inaingia kwenye bushi ya amu, nati mbili, moja mbele moja nyuma. Katikati kuna kapini kadogo ka kufungia, kenye ubapa kama kabari, kanaingia kwenye pengo la pini kubwa ili isizunguke wala isitembee. Hako kadogo lazima katoke kwanza. Nimeona strati imeletwa kutoka gereji nyingine pini imepigwa nyundo mpaka kichwa kimefunguka kama uyoga, na kale kafungio bado kako ndani kamekaa zake. Pini haitatoka hivyo hata ulete nyundo ya reli.

Kafungio unalegeza nati yake mpaka uso wa nati uwe sawa na mwisho wa meno, alafu unagonga juu ya nati ili katoke upande wa pili. Meno yanabaki salama. Kakitoka piga taa ndani ya tundu, safisha, na jaza mafuta yako humo mpaka pomoni, hilo tundu ni mlango wa bure wa kufikisha mafuta katikati ya pini, sehemu ambayo kutoka pembeni yasingefika leo wala kesho. Acha yalale humo.

Piga alama upande wa mbele wa pini na wa chuma kabla hujaendelea, utahitaji kujua ilikaaje.

Baada ya hapo jaribu mshtuko. Shika nyundo moja nzito upande mmoja wa chuma pale pini ilipo ndani, piga na nyingine upande wa pili, zungukia pande zote. Hapa unapiga nyumba ya pini, pini yenyewe huigusi, lengo ni kuitikisa ile kutu ipasuke iwe unga. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, ndo maana imejibana hivyo, na mafuta peke yake hayaiondoi.

Alafu unaivuta, huipigi. Pini ina meno miisho yote miwili, tumia hiyo. Nenda kwa watu wa mashine ya kuchonga wakutengenezee nati ndefu yenye meno ya pini upande mmoja na upande wa pili meno ya bolti nene ngumu, wapelekee nati ya zamani kama sampuli ili wasikosee meno. Tafuta kipande cha paipu nene ambacho pini na hiyo nati ndefu vinapita ndani yake na kinakaa vizuri kwenye chuma, sio kwenye mpira wa bushi. Juu ya paipu weka washa (zile ringi bapa za chuma) nene mbili zilizopakwa grisi, juu yake kichwa cha ile bolti nene ya kuvutia. Ukikaza, pini inavutwa kuingia kwenye paipu. Kaza mpaka iwe ngumu, kisha piga nyundo chuma pembeni, kaza tena. Ikiachia inalia mlio mkali kama risasi, usishtuke, hiyo ndo sauti unayoitaka. Bolti ya kuvutia iwe daraja 10.9, angalia namba kwenye kichwa, hizi zisizo na namba zitavutika kabla pini haijasikia chochote. Na usisimame mbele ya mstari wake wakati unakaza.

Ikigoma, fungua mguu mzima utoke kwenye gari. Kumbuka kufunga springi kwa vibana vyake kabla ya kugusa nati ya juu ya strati, springi ikiruka inavunja taya. Toa springi na kaseti ya shokapu, sasa hapo ukiwa na chuma kitupu unaweza kukata pini pande zote mbili kati ya amu na chuma, ukabaki na kipande cha katikati tu. Kichome chuma cha nje kwa gesi, kwa ndani usiguse, peleka kwenye presi ya tani 20 ikiwa bado ya moto. Bearing za habu ziko juu pale pale, kwaiyo kama umepasha sana hesabu na bearing mpya na grisi mpya. Presi ikishindwa, njia ya mwisho ni kutoboa katikati ya kile kipande kwenye mashine ya kuchonga ili ukuta wake ulegee, sio kwa drili ya mkono, pini ni ngumu na drili ya mkono itakimbia ile tundu.

Zile reta za kuingiza kwenye bolti iliyokatika ukazungushia kinyume, mimi sizipendi kwa kazi za kutu. Ni ngumu na zinakatika, ikikatikia ndani hakuna drili ya kawaida itakayoitoboa. Bolti iliyokatika nje kidogo mchomelee nati juu yake kwa welding, moto wa welding unapasha bolti mpaka ndani na unapata kichwa kipya cha kushika kwa wakati mmoja.

Kurudisha

Pini mpya agiza kabla hujaanza kazi, za 240Z hazikai dukani Kigoma na hata Gerezani kule Dar utazunguka sana, nyingi zinaagizwa nje. Usikubali mtu akuchongee pini kwa chuma cha nondo, hiyo ndo inayoshika gurudumu lako la nyuma.

Safisha tundu kwa msasa mpaka pini mpya iingie kwa kusukuma na mkono, kisha paka grisi nene kila mahali, ndani ya tundu, kwenye pini, ndani ya vibomba vya bushi, kwenye meno. Mtu akikuambia grisi inapoteza hela mpeleke bandarini akaulizie Liemba. Wajerumani waliizamisha ile meli 1916 injini zikiwa zimepakwa grisi nene, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ilikuwa inatembea ziwani tena. Miaka kibao majini, sisi tunazungumzia matope ya barabara ya Kasulu tu.

Rudisha kafungio, kaza, lakini zile nati za bushi za mpira ziache nusu mkazo. Shusha gari chini kwenye magurudumu yake, isukume mbele na nyuma, mkalie buti mtu wawili iinuke na kushuka, ndo ukaze mwisho. Ukikaza gari ikiwa inaning'inia hewani mpira unabaki umejikunja muda wote gari ikiwa barabarani, unachanika mapema na gari inakaa juu kama mbuzi anayetaka kuruka. Ukishapiga mzunguko mpaka Gungu na kurudi, ingia tena chini na spana upitie nati zote, washa mpya huwa zinajikalia kidogo.